Mwanao ana Sh1,000 kwenye kikao cha madiwani

Kikao cha baraza la madiwani hakina haraka. Kinaanza kwa dua, Mstahiki Meya anakifungua, mkurugenzi wa halmashauri ambaye ndiye katibu anasoma ajenda, kisha wajumbe wanafungua makabrasha yao, au vishikwambi kwa halmashauri zenye navyo, na kuanza kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Lazima atasimama diwani mmoja kusema jina lake limekosewa herufi. Mwingine atasema siku ile alikuwa na udhuru lakini ameandikwa kuwa alihudhuria. Mgeni ambaye hajazoea huanza kusinzia hapa.

Zinafuata yatokanayo, kisha taarifa za kata. Kalavati limesombwa na mvua. Shule ina matundu machache ya choo. Boma la zahanati limefika kwenye renta na kusimama hapo. Gari la taka halijaonekana mtaani wiki ya pili sasa. Ukichanganya na taarifa za kamati za kudumu, za fedha, za mipango miji, za uchumi, afya na elimu, kabrasha linakuwa nene kama kitabu cha kiada. Mahali fulani ndani yake, mara nyingi kwenye kurasa za idara ya afya, kuna mstari mmoja au jedwali dogo linalohusu shughuli za lishe.

Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, mstari huo unamhusu yeye. Halmashauri yako inatakiwa kumtengea mwanao Sh1,000 kila mwaka wa fedha, kutoka kwenye mapato yake ya ndani, kwa ajili ya lishe. Kiasi hicho hakipelekwi nyumbani na hakuna atakayekupigia simu ukachukue. Kinapita kwenye bajeti, kwenye kamati, kwenye baraza, na kama kila mtu ametimiza wajibu wake, kinatoka upande wa pili kikiwa mizani ya kupimia watoto, matone ya vitamini A yaliyofika kwa wakati, au mafunzo kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba mtaani kwenu.

Naandika habari za afya, na nimefika mahali naamini kuwa kikao hiki kinachochosha kina uzito kwa afya ya mtoto kuliko matangazo mengi tunayoyasikia redioni. Tatizo ni kwamba mstari wenyewe husomwa haraka sana.

Elfu moja ilitoka wapi

Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Mkataba huo ukashushwa ngazi kwa ngazi: wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, hadi kwa watendaji wa kata, vijiji na mitaa. Septemba 2022, Samia akiwa sasa ni Rais, wakuu wa mikoa walisaini tena. Moja ya ahadi zilizomo ni hiyo Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano.

Sababu ya kusainishana ilikuwa udumavu. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake uko chini sana ukilinganisha na umri wake, kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara tangu akiwa tumboni na katika miaka ya mwanzo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 30. Kupungua kupo, lakini bado ni watoto watatu katika kila 10.

Na usidhani ni suala la mikoa yenye njaa. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo malori ya mahindi na viazi hutoka huko kuja kulisha wengine, ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye utafiti wa 2022, kila mmoja ukiwa na karibu nusu ya watoto wake wamedumaa au zaidi ya nusu. Ghala linaweza kujaa na mtoto akawa anapewa uji mweupe kutwa, mama yuko shambani au sokoni tangu alfajiri, hakuna aliyempima urefu na hakuna aliyesema kitu. Kwa macho mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Anaonekana mfupi, na ndugu wanasema amefuata kwa bibi yake.

Ni fedha kidogo, ndiyo maana ni rahisi kuisahau

Tuifanyie hesabu. Chukua mji wa wastani wenye watoto 30,000 wa chini ya miaka mitano. Zidisha kwa 1,000, unapata Sh30 milioni kwa mwaka. Gawanya kwa robo nne za mwaka wa fedha, unapata Sh7.5 milioni kila robo. Kwa mtoto mmoja, Sh1,000 ni mayai mawili au matatu kulingana na mahali unapoishi, na hayo ni mayai ya mwaka mzima.

Kwa hiyo hakuna anayetarajia fedha hiyo imlishe mtoto. Kumlisha ni kazi ya nyumbani. Kazi ya fedha hii ni ile ambayo familia moja haiwezi kujifanyia: kununua mizani na mbao za kupimia urefu za zahanati, kusambaza ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto, kufanya Siku ya Afya na Lishe ya mtaa au kijiji kila robo, kusafirisha matone na dawa za minyoo hadi kata za pembezoni, kumwezesha ofisa lishe kufika huko na kukaa na akina mama kwenye darasa la mapishi.

Nitoe mfano wa utepe, kwa sababu wazazi wengi wameuona na hawajaambiwa maana yake. Kwa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, kipimo kikiangukia kwenye kijani yuko salama. Njano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni utapiamlo wa kadiri. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali na mtoto anatakiwa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kipimo hicho kinachukua chini ya dakika moja. Lakini lazima awepo mtu aliyefundishwa, mwenye utepe mkononi, aliyefika mtaani kwenu, na mtu huyo ana nauli.

Nauli hiyo ndiyo inayokaa kwenye ule mstari wa kabrasha.

Sasa kwenye halmashauri, kupanga ni jambo moja na kutoa ni jambo jingine. Mapato ya ndani hukusanywa siku kwa siku: ushuru wa soko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma, machinjio, vibali vya ujenzi. Mwezi ambao makusanyo yamelegea, mkurugenzi anaanza kuchagua kipi kilipwe kwanza. Dizeli ya gari la taka haisubiri, kwa sababu taka zikibaki siku tatu mji mzima unanuka na simu zinamiminika. Posho za vikao nazo zina wenyewe. Shughuli ya lishe ikisogezwa robo ijayo, siku hiyo hakuna atakayepiga simu.

Siku 1,000 ni robo 11

Hapa ndipo utaratibu wa baraza unapogongana na mwili wa mtoto.

Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Ni siku 270 za ujauzito na 730 za miaka miwili. Ndani ya kipindi hicho ubongo na mwili hukua kwa kasi ambayo haitarudi tena, na udumavu uliojengeka hapo ni vigumu mno kuurekebisha baadaye.

Mkutano wa kawaida wa baraza la madiwani hufanyika kila robo, yaani kila miezi mitatu. Ukigawa siku 1,000 kwa robo za siku 91 au 92, unapata robo 11 hivi. Maana yake, tangu siku mama anaposhika mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, madiwani wa mji wake wana vikao 11 vya kawaida vya kuuliza fedha ya lishe imekwenda wapi. Robo moja ikipita bila fedha kutoka, mtoto huyo amepoteza sehemu moja kati ya 11.

Na robo zenyewe hazilingani uzito. Chukua mtoto anayetimiza miezi sita. Hadi hapo anatakiwa awe amenyonya maziwa ya mama peke yake. Kuanzia siku hiyo anahitaji chakula cha nyongeza chenye mchanganyiko, na ndiyo siku ambayo mama anahitaji kuonyeshwa uzito wa uji, namna ya kuongeza karanga au dagaa waliosagwa, mboga na tunda, na mara ngapi kwa siku. Ndiyo umri pia wa kuanza matone ya vitamini A, yanayotolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto atimize miaka mitano. Sasa darasa la mapishi la kata yao likiahirishwa kwa sababu fungu halijatoka, tukutane robo ijayo, mama huyo ataonyeshwa mtoto akiwa na miezi tisa. Miezi mitatu ya uji mweupe imeshapita, na kwenye kabrasha itaandikwa kuwa shughuli imefanyika.

Kuna jambo jingine la kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Robo ya kwanza inaishia Septemba 30, na taarifa yake hujadiliwa na baraza baada ya hapo. Diwani anaposhika kabrasha, anasoma mambo ya wiki na miezi iliyokwisha. Hilo ni la kawaida kwa kikao chochote cha hesabu, ila kwa mtoto lina gharama. Ndiyo sababu nashauri swali liulizwe mapema, hata kabla ya baraza. Kamati inayosimamia fedha hukutana kila mwezi, na huko ndiko inakojulikana kipi kimelipwa na kipi kimewekwa kiporo.

Asilimia 10 ina wenyewe

Linganisha na fungu jingine linalopita kwenye kikao hicho hicho. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Hilo fungu likifika mezani ukumbi unaamka. Madiwani wanauliza majina ya vikundi, kata zilizorukwa, marejesho. Aprili 2023 Serikali ilipositisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, ilikuwa gumzo nchi nzima, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Nje ya ukumbi utawakuta viongozi wa vikundi wamekaa kwenye kivuli cha mwembe wakisubiri kusikia.

Sina ubaya na mikopo hiyo. Mama mwenye mtaji ni mama mwenye uwezo wa kununua mayai. Ninachosema ni kwamba fungu hilo lina vitu viwili ambavyo Sh1,000 ya mtoto haina. Kwanza, liko kwenye sheria, wakati la lishe linasimama juu ya mkataba na maelekezo. Pili, lina wadai. Wanakikundi wana simu, wana kura, wanamjua diwani wao kwa jina la utani. Mwenye Sh1,000 ana miezi minane na hajaota meno yote.

Mdai wake ni wewe.

Yapo macho mengine, tusiwaonee wataalamu. Kila robo hufanyika kikao cha tathmini ya mkataba wa lishe ngazi ya wilaya, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti, na watendaji wa kata huulizwa mmoja mmoja. Hutazamwa fedha zilizotolewa na kutumika, watoto waliopata matone, mitaa na vijiji vilivyofanya Siku ya Afya na Lishe, na shule zinazotoa chakula. Nimeona watendaji wakijiandaa kwa kikao hicho kuliko kwa mtihani. Lakini hicho ni kikao cha Serikali kujitazama yenyewe. Mzazi hana kiti pale.

Kwenye baraza unacho kiti

Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Wananchi na waandishi wanaruhusiwa kuingia na kusikiliza, isipokuwa pale baraza linapojigeuza kuwa kamati, kwa mfano kujadili nidhamu ya watumishi, hapo tunatolewa nje wote. Huwezi kunyoosha mkono na kuchangia, hiyo ni haki ya wajumbe. Unakaa nyuma, unanyamaza, simu unaizima mlio. Tarehe hubandikwa kwenye mbao za matangazo, au muulize mtendaji wa kata.

Najua mzazi mwenye genge au mwenye mtoto mgongoni hatakwenda kukaa saa sita ukumbini kusikiliza habari za kalavati. Hakuna haja. Njia fupi ni diwani, na diwani anapatikana. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ile taarifa ya kata anayoisoma barazani hupita kwanza kwenye kamati hiyo, ambako wenyeviti wa mitaa wote ni wajumbe. Kwa hiyo neno lililosemwa kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa kwenye muhtasari, lina njia ya kufika hadi kwa Mstahiki Meya. Lililosemwa kwenye foleni ya kliniki linaishia kwenye foleni.

Tatizo la mikutano ya mtaa ni kwamba ulinzi shirikishi na michango hula muda wote. Suala la lishe likiingizwa kwenye mengineyo, watu wameshaanza kusimama na kukung'uta nguo. Mwombe mwenyekiti aliweke kwenye ajenda mapema.

Na ukimpata diwani, usimuulize kama halmashauri inajali watoto, maana atakujibu kuwa inajali sana. Mwombe tarakimu tatu za robo iliyopita: fedha ya lishe iliyopangwa kutoka mapato ya ndani, iliyotolewa, na iliyotumika. Zinaweza kutofautiana sana, na pengo kati ya ya kwanza na ya pili ndilo lenye habari. Kisha muulize iliyotumika ilifanya nini kwenye kata yenu. Kuna tofauti kati ya semina ya siku mbili hotelini na mizani mipya kwenye zahanati, ingawa zote mbili zinaweza kuandikwa kama shughuli za lishe. Semina nyingine ni za lazima, mtu hawezi kupima mtoto bila kufundishwa, lakini robo nne za semina tupu zinataka maelezo.

Diwani akisema hana tarakimu hizo, mwambie zinapatikana kwa ofisa lishe wa halmashauri. Akitaka kulipeleka rasmi, kanuni za kudumu zinamruhusu kuuliza swali kwa maandishi kabla ya kikao, na likishaandikwa, mkurugenzi hana budi kuandaa majibu. Swali la namna hiyo huingia kwenye muhtasari, na kikao kinachofuata litarudi kwenye yatokanayo, pale pale ambapo wageni husinzia.

Jambo la mwisho la kujua ni wakati. Bajeti ya mwaka unaoanza Julai huandaliwa miezi mingi kabla, na mabaraza huipitisha mwanzoni mwa mwaka, kati ya Januari na Machi. Anayesubiri Juni kuuliza kwa nini kata yake haikuwekewa hata mbao za kupimia urefu ameshachelewa kwa mwaka mzima, na mwaka ni robo nne kati ya zile 11.

Kwa sasa anza na lililo karibu. Siku ya Afya na Lishe ya mtaa wako inatakiwa kufanyika mara moja kila robo, na huko mtoto hupimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Kama hukumbuki mara ya mwisho uliposikia tangazo lake, muulize mwenyekiti wa mtaa ilifanyika lini na ijayo ni tarehe ngapi. Ukienda, beba kadi ya kliniki.